Mimi Si Mwokozi Wako

Koti lilikuwa zuri, hilo hakuna ambaye angebisha. Lilikuwa jeupe, bitana yake ya hariri ya buluu, na kola fundi alikuwa ameidarizi kwa uzi wa dhahabu siku sita mfululizo mpaka macho yakamwasha. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: lilimpwaya mwenyewe vibaya mno.

"Nyoosha mgongo," fundi alisema.

"Nimenyoosha."

"Hujanyoosha. Simama kama mtu aliyekula."

Kengele akajaribu. Mabega ya koti yakabaki palepale yalipoangukia, nusu ya safari ya kwenda kwenye viwiko, na mikono ikamfunika vidole vyote. Mtu ambaye picha zake zilikuwa zimebandikwa kwenye kila ukuta wa mji alisimama mbele ya kioo cha chumba cha ushonaji akionekana kama ameazima nguo kwa jirani mnene. Fundi alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kifundo cha sponji alichofunga mkononi, akashusha pumzi. Alikuwa na hasira, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

Maana kosa lilikuwa lake. Wiki tatu nyuma meneja wa Kengele alipompigia simu kumwambia msanii wake anataka koti la ibada ya shukrani, na kwamba gari litamfuata limpeleke hotelini akachukue vipimo, alijibu kwa pua juu: "Haina haja. Vipimo vyake ninavyo." Alikuwa navyo kweli. Vilikuwa kwenye daftari la miaka minne iliyopita, enzi anashona majoho ya kwaya, na Kengele ni kijana wa kupiga kengele ya kanisa na kuimba sauti ya tatu. Ukweli ni kwamba hakutaka kuizungusha futi kwenye kifua cha mwanamume aliyemwacha. Basi akakata kitambaa kwa kumshonea yule anayemkumbuka. Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulifanya mara moja, akapigiwa kelele, akaacha.

"Hapa pana tatizo," alisema meneja. Alikuwa ameketi kwenye stuli ya kupigia pasi, simu mbili mapajani, viatu vyake vinang'aa kuliko kitu chochote humo ndani.

"Naliona. Nina macho."

"Kesho saa nne asubuhi tunaingia hewani, mama. Uwanja umejaa. Kuna ibada, kuna ushuhuda, kuna uzinduzi wa albamu. Wewe ulisema vipimo unavyo."

"Ninavyo. Vya mtu mwingine."

Meneja akamkagua Kengele juu mpaka chini, namna watu wanavyokagua gari lililogongwa. "Weka sponji," akasema. "Mabegani, kifuani, na mgongoni kidogo. Watu wanataka kumwona Kengele wao wanayemjua. Kamera haijui hii ni sponji na hii ni nyama."

"Na mashavu? Nayo niyatie sponji?"

"Mashavu yana mtu wake wa vipodozi," meneja alijibu, wala hakuwa anatania. Simu moja ikalia. Akainuka, akatoka nje kuzungumza, na sauti yake ikasikika uani akimhakikishia mtu kwamba kila kitu kiko sawa, mheshimiwa, kila kitu kiko sawa kabisa.

Wakabaki wawili. Yaani wawili na nusu, kwa sababu nyuma ya pazia la mlango wa kuingilia nyumbani alisimama Mama, mama mzazi wa fundi, akidhani haonekani. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimejitokeza chini ya pazia.

"Mama, tunakuona," fundi alisema.

"Napita tu!" Mama akajibu, na vidole havikusogea.

"Mama."

"Haya, nimeshapita. Mkwe wangu asiondoke kabla sijapiga naye picha. Na akina mama wa ushirika wako njiani." Vidole vikaondoka.

Mkwe wangu! Fundi alitamani kucheka. Mama huyuhuyu, miaka minne iliyopita, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni mikono kifuani akamuuliza Kengele mbele ya watu kama atamlisha binti yake nyimbo asubuhi na wimbo wa ziada Jumapili. Kijana wa watu alitoka pale kichwa chini. Juma lililofuata akaondoka kwenda kurekodi, akamwahidi fundi kwamba baada ya miezi mitatu atarudi na jina, na Mama atafunga mdomo.

Jina alilipata. Mama alifunga mdomo, kisha akaufungua upya kwa sifa. Ila yeye mwenyewe hakurudi. Zilianza kuja meseji za simu kila siku, zikawa za kila wiki, zikawa za sikukuu. Baadaye ikabaki sauti yake tu, kwenye redio ya kinyozi wa jirani, kwenye simu za wateja, kwenye midomo ya wasichana waliokuja kupima magauni. Na kilichomuudhi fundi kuliko yote ni kwamba hakuweza hata kumtukana. Utamtukanaje mtu anayeimba habari za Mungu?

"Umekondeana," alisema sasa, akiwa amempa mgongo.

"Ratiba."

"Ratiba haili nyama ya mtu. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kuna nini? Maana mimi nina kazi ya kubomoa koti zima kabla ya jua kuzama, na sitaki kubomoa huku nadanganywa."

Kengele alijitazama kwenye kioo. Kisha, akiwa bado na koti lile, mikono imening'inia, akasema neno ambalo fundi alikuwa amelisubiri siku elfu moja na zaidi.

"Tufunge ndoa. Jumatatu."

Mkasi ulimponyoka fundi ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Aliuokota. Aliutazama ncha kama imepinda. Haikupinda.

"Unasema nini?"

"Umenisikia. Sitaki harusi kubwa. Mimi na wewe na mchungaji. Nilitaka koti hili lishonwe hapa ili nikuone, si kwa sababu nyingine yoyote. Makoti ninayo arobaini."

Walitazamana kwenye kioo. Macho ya Kengele yalikuwa yaleyale, makubwa, yenye kope za kike ambazo zamani fundi alimtania nazo. Moyo wa fundi ukamsaliti, ukaruka kama ulivyozoea. Alimpenda. Jamani, bado alimpenda, na jambo hilo lilimkera kuliko koti.

"Miaka minne nilikuwa nangoja uniambie hivyo," alisema. "Nilidhani siku ukiniambia nitalia kwa furaha."

"Na sasa?"

"Sasa nauliza kwa nini Jumatatu. Mtu amekaa miaka minne bila haraka, ghafla hawezi kungoja Jumanne. Niambie."

"Nakupenda."

"Hilo umelijua lini? Njiani ukija?"

"Mbona unanihoji kama polisi?"

"Kwa sababu unajibu kama mwizi!" Fundi akatupa mkasi mezani. "Kengele, mimi nakujua. Ukisema uongo unashika sikio. Ondoa mkono sikioni, uniambie ukweli."

Aliuondoa mkono. Alitazama mlango aliotokea meneja, kisha akakaa kwenye stuli ya pasi, na koti likamzunguka pande zote. Alipoanza kuzungumza sauti yake, ile iliyojaza viwanja, ilikuwa ndogo mno.

"Mwezi uliopita, baada ya onyesho, nilirudi chumbani. Watu elfu kumi na tano walikuwa wamesimama wakilia. Kuna mama mmoja aliniletea mtoto wake mgonjwa nimwekee mkono. Nikamwekea. Nikaomba kwa sauti nzuri kabisa. Na wakati naomba nilikuwa nawaza kama mlio wa kipaza sauti umerekebishwa." Akajifuta uso kwa mkono wa koti jeupe, na fundi, kwa mara ya kwanza maishani, hakumgombeza mtu kwa kuchafua kitambaa. "Nilipofika chumbani nikataka nisiamke tena. Si mawazo ya kupita. Nilitaka. Meneja aliingia kunipa ratiba, akanikuta katika hali isiyo nzuri. Akatangaza kwamba nina homa."

Fundi akamsogelea. "Ulitaka kufa?"

"Nilitaka kupumzika. Sikujua tofauti."

"Na bado? Mawazo hayo bado unayo?"

"Asubuhi huja. Jana yalikuja. Ndiyo maana nikawa nahesabu siku za kuja kwako. Nikasema nikimpata yule, nitapona. Kila kitu nilichokimbilia nimekifikia, na nikikifungua, ndani hamna kitu. Nyumba, hamna kitu. Tuzo, hamna kitu. Nalitaja jina la Mungu mara hamsini kwa onyesho moja, na sikumbuki mara ya mwisho nimesema naye kama mtu na baba yake. Lakini wewe si kama vile. Wewe ukiwepo, nitakaa sawa. Nio... niokoe. Tafadhali."

Hapo ndipo hasira yote ya miaka minne ilipompanda fundi, na ilipanda pamoja na machozi.

"Sikiliza," alisema. "Mimi ni fundi cherehani. Natia zipu. Napunguza suruali. Siku nyingine nashona mfuko upande usio wake na nikilala ndipo nakumbuka. Mimi si mwokozi wako! Umeshazifungua tuzo umekuta hamna kitu, sasa unataka kunifungua mimi. Na mwezi wa tatu wa ndoa ukikuta mimi ni mwanamke tu, mwenye kukoroma na mwenye mama yake, utataka nini tena? Usiamke?"

"Usiseme hivyo."

"Nitasema! Nani mwingine anakuambia? Wanakuwekea sponji!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Na nikuambie na la kwangu, ili tulingane. Mimi nilikufanya mungu kidogo. Daftari lile lenye vipimo vyako nililiweka chini ya mto kama kitabu cha sala. Nilikuwa namwomba Mungu akurudishe, kila siku, hata sikumwomba kitu kingine. Sikumuuliza hata hali yake. Na tazama, amekurudisha hivi. Nusu yako! Sijui nimshukuru au nimgombeze."

Kengele alicheka kidogo bila kutaka, kisha cheko likageuka likawa kilio. Alilia bila ustadi, kwa makamasi. Fundi alisimama pembeni yake, hakumkumbatia. Alijua akimkumbatia sasa atasema ndiyo, na ile ndiyo itakuwa dawa ya siku tatu.

"Hayo uliyoniambia mimi, umeshamwambia Mungu?"

"Sijui nianzie wapi."

"Anzia popote. Yeye si mtangazaji wa redio."

Kengele alifumba macho. Akainua mkono wa kuume, kidevu kikapanda, na sauti ikatoka nzito, imesukwa, ina mtetemo mwishoni. "Ee Baba Mwenyezi, uketiye mahali pa juu palipoinuka, tunakuja mbele zako—"

"Shusha mkono."

"Naomba!"

"Unatumbuiza. Mko wangapi hapo, hata useme tunakuja? Anza tena."

Alifumba tena. "Mungu wa rehema na neema isiyo na kipimo—"

"Huo ni mstari wa wimbo wako. Wa tatu kwenye albamu ya pili. Kinyozi anaupiga kila siku, naujua hata pumzi unavutia wapi. Kengele, kwa jina la huyohuyo unayemwita, acha kuimba uzungumze!"

"Sina maneno mengine!" alipiga kelele, akasimama, na koti likamwanguka bega moja. "Sina! Yote nimeyauza! Baba, sina hata maneno. Nimechoka. Naogopa asubuhi. Watu wananigusa wapone na mimi ndani ni mtupu. Sitaki kufa, sijui kuishi. Nisaidie. Sijui lingine. Nisaidie tu."

Nje kinyozi alikuwa anasukuma meza yake. Mbingu hazikufunguka, wala hakukusikika sauti yoyote, na pini moja iliyokuwa imesahaulika kwenye kola ilikuwa inamchoma Kengele shingoni mpaka akaitoa. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, mikono imeshika ukingo wa meza. Alikuwa amesema amina bila kujijua.

"Nina njaa," Kengele alisema baada ya muda, kwa mshangao.

"Nini?"

"Nina njaa. Sijasikia njaa sijui tangu lini."

Fundi akaangalia dari. "Miaka minne namwomba," akasema, "na jibu la kwanza ni mkate." Lakini alishaenda kwenye kabati la vitambaa, alipoficha mkate wake wa mchana ili Mama asiugawe kwa wageni, akamkatia kipande kikubwa kwa mkasi wa nyuzi na kummiminia chai iliyobaki kwenye chupa. Kengele alikula amesimama, makombo yakidondokea hariri ya buluu. Fundi alimtazama akitafuna, na kumtazama tu kulitosha kumuuma. Angeweza kukaa hapo akimtazama hadi kiyama. Hilo nalo lilimkera.

"Kuna daktari," alimwambia. "Wa mambo hayo ya kichwa na moyo. Hospitali iko dakika ishirini. Tunakwenda leo. Sasa hivi."

"Na kesho?"

"Kesho utaamua wewe mwenyewe. Mimi sikujibii."

Kabla hajajibu pazia likafunguka kwa nguvu, Mama akaingia, kitenge kipya, simu mkononi, na nyuma yake wanawake saba wa ushirika wakisukumana kama wako kwenye foleni ya maji. "Huyu hapa mkwe wangu!" Mama alitangaza. "Niliwaambia! Mwanangu, geuka huku kwenye mwanga, na wewe fundi toka hapo unaziba. Haya, tuanzie na mimi peke yangu, halafu—"

Alikuwa ameona kwa karibu kilichokuwa ndani ya koti.

Simu ikashuka pole pole. Mama alimsogelea Kengele, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, na vidole vile vikazunguka mfupa vikakutana na kupitana. Fundi hakuwahi kumwona mama yake akikosa la kusema, na haikumpendeza.

"Huyu mtoto ana nini?" Mama aliuliza, akimuuliza binti yake.

Fundi alifungua mdomo. Kengele akamtangulia.

"Mimi ni mgonjwa, Mama. Si homa. Mwezi uliopita nilitaka kujiua. Nasema kwa sababu nimechoka kuficha."

Mmoja wa wale wanawake aliguna kwa hofu. Mama akageuka, na safari hii sauti yake ya zamani, ile ya kiti cha sebuleni, ikarudi nzima. "Hakuna picha," alisema. "Rudini mkaombe. Na nikiona neno hili kwenye simu ya mtu mwingine, nitajua ni mmoja wenu saba, na nitawauliza mmoja mmoja." Walitoka bila kubishana. Hakuna aliyewahi kubishana na Mama akafaidi.

Meneja aliingia wakati huohuo, simu bado sikioni. "Vipi, sponji imeingia?"

"Siimbi kesho," Kengele alisema.

Meneja akakata simu. Alitabasamu kwanza, kisha akaona kwamba wenzake hawatabasamu. "Umechoka. Tutaongea kwenye gari."

"Siimbi kesho. Nakwenda hospitali. Waambie ukweli, au waambie naumwa, lakini siimbi."

"Hospitali gani? Daktari wa akili?" Meneja akashusha sauti kama aliyetaja matusi. "Kaka, wewe ni mwimbaji wa injili! Umeimba kwamba furaha yako ni kama mto. Kesho watu wanasikia uko kwa daktari wa akili, watasema nini? Watasema imani yako ni ya kuigiza."

"Ilikuwa ya kuigiza," Kengele alisema. "Leo ndiyo nimeanza."

"Wewe ukivunjika mguu," fundi akamgeukia meneja, "utafungwa plasta au utaimba mpaka uunge?"

"Dada, nakuheshimu, lakini kazi yako ni koti."

"Na kazi yako ilikuwa ni huyu!" Mama alinguruma, akimsogelea meneja mpaka viatu vile vinavyong'aa vikarudi nyuma hatua mbili. "Ulimkuta anataka kufa, ukatangaza homa! Nani alikufundisha kuweka sponji juu ya mifupa ya mtoto wa mtu? Una mama wewe? Yuko hai? Nipe namba yake."

"Mama, tafadhali, kuna mikataba—"

"Namba ya mama yako!"

Meneja hakutoa namba. Alimtazama Kengele mara ya mwisho, akingoja amri, na Kengele akavua koti, akalikunja vizuri bitana nje, akampa. Meneja akatoka nalo mkononi, simu zote mbili zikilia kwa pamoja.

Mama akajikalisha kwenye stuli kwa kishindo. "Mimi nilikuuliza mambo ya kulisha," alimwambia Kengele, macho chini. "Siku ile. Nilikutafutia wewe jina, na jina ndilo limekutafuna. Unisamehe, mwanangu."

"Nilikwenda kwa miguu yangu, Mama."

"Hata kama." Akapiga simu kwa mchungaji, akazungumza naye nusu dakika kama anayeagiza mzigo. "Anasema atatukuta hukohuko hospitali. Anasema alikwishawapeleka wengine, na wengine walikuwa wachungaji. Haya, simameni! Mnangoja nini, kwaya?"

Kwenye teksi Mama alikaa mbele akimwelekeza dereva barabara ambayo dereva aliijua. Nyuma Kengele aliegemea dirisha, fulana yake ya ndani imelowa jasho. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu.

"Hukunijibu," alisema kwa sauti ya chini. "Kuhusu Jumatatu."

"Nilikujibu. Hapana."

"Hapana ya kabisa?"

"Usinisumbue. Nimebomoa maisha yangu mchana mmoja, nina pini kwenye kandambili, na sijala, maana mkate wangu umeula wewe. Pona kwanza. Ukipona na bado unanitaka, bila ya kunihitaji niwe Mungu wako, ndipo unaniuliza. Mpaka hapo usiniite mchumba, usiniite mpenzi, usiniite chochote."

"Sawa," alisema, akageukia dirisha. Alikuwa ametii upesi mno, na fundi akakasirika kwa hilo pia.

Mapokezi ya hospitali yalikuwa na benchi ndefu, feni isiyozunguka na muuguzi wa makamo mwenye miwani kwenye kamba. Mchungaji alikuwa hajafika bado. Mama akaenda kumwangalia getini. Muuguzi alimtambua Kengele mara moja, ilionekana, mkono ukasita juu ya karatasi. Lakini alikuwa mtu wa kazi. Alimuuliza umri. Alimuuliza anapoishi. Alimuuliza kama ana mawazo ya kujidhuru, kwa sauti ileile aliyoulizia anapoishi, na Kengele akajibu, "Ndiyo. Nataka yaishe."

"Umefanya vyema kuja. Utalazwa siku chache, hutakaa peke yako." Akageuza karatasi. "Mtu wako wa karibu? Wa kupigiwa simu, wa kuja kukuona, wa kusaini siku ya kutoka."

Kengele alifikiri. Fundi aliona anavyofikiri. Watu elfu kumi na tano walipita kwenye uso wake, na hakuna hata mmoja aliyesimama.

"Sina," alisema.

"Na huyu dada uliyekuja naye?"

Kengele akamtazama fundi, akakumbuka alichoambiwa kwenye teksi, na akashika adabu. "Huyu ni fundi wangu wa nguo."

Fundi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Fundi wa nguo! Miaka minne, daftari chini ya mto, siku sita za uzi wa dhahabu, na leo yote haya, awe fundi wa nguo kwenye karatasi ya hospitali! Alijua ni yeye aliyemkataza. Hilo halikumsaidia hata kidogo. Alimtazama yule mtu aliyekaa kwenye benchi, mabega yamejikunja, mikono kati ya magoti, mtu asiye na hata jina moja la kumpa muuguzi, na hakuwa na sifa, hakuwa na sauti, hakuwa hata na koti. Hakumwomba chochote safari hii. Alikuwa amekaa tu, anaogopa, na amekuja.

Akasogea mpaka kwenye meza.

"Andika mimi," alisema. "Namba yangu nitakutajia."

"Uhusiano?" muuguzi aliuliza, kalamu tayari.

"Andika..." Akafumba macho kwa ghadhabu, ghadhabu kwake mwenyewe na kwa Kengele na kwa mama yake na kwa Mungu aliyekuwa, alikuwa na hakika, anacheka mahali fulani. "Andika mchumba. Lakini andika kwa penseli."

Kwenye benchi Kengele aliinua kichwa.

"Dada yangu," muuguzi alisema kwa upole, akimwangalia juu ya miwani, "fomu hizi hatuandiki kwa penseli."

Fundi alisimama hapo, mkono kiunoni, akatazama kalamu, akatazama benchi, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeshindwa hoja.

"Basi andika kwa wino," alisema.